Kaka alianguka na pikipiki, sasa kila kitu anakiita "leo": je, usemi wake utarudi?

Dada Mdogo

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naomba radhi mapema kwa maelezo marefu, lakini naona nikiyakata mtakosa pa kuanzia.

Kaka yangu, mwenye umri wa miaka 29, alianguka na pikipiki wiki saba zilizopita. Kofia ngumu alikuwa ameivaa, ila mkanda wa kidevuni hakuufunga, kwa hiyo ilimvuka kabla kichwa hakijagonga lami. Usiku uleule alifanyiwa upasuaji wa kuondoa damu iliyokuwa imevilia upande wa kushoto wa ubongo, akalala siku tisa bila fahamu huku akipumua kwa mashine, mpira ukiwa umepitishwa kooni. Alipozinduka tulidhani kimya chake ni uchovu wa dawa. Katika wiki ya tatu akaanza kutamka neno moja tu, "leo". Ukimwuliza anaumwa wapi, jibu ni "leo". Akitaka kugeuzwa ubavu, "leo, leo". Hulitamka kwa viimbo mbalimbali, hata mama ameshajua kutofautisha "leo" ya hasira na "leo" ya kuomba. Siku za karibuni yameongezeka maneno mengine machache, lakini mengi hayalingani na anachokitaka. Juzi alinyoosha kidole kwenye gilasi ya maji akasema "ufunguo", akatikisa kichwa kwa kujua kwamba amekosea, akasema tena "ufunguo", kisha akageukia ukutani akalia.

Kinachotuchanganya ni hiki. Jumapili alimwagikiwa chai ya moto mapajani, akatoa tusi zima, limenyooka, ambalo hata alipokuwa mzima hakuwahi kulitamka mbele ya mama. Tena nikianza kuhesabu moja, mbili, tatu, ananipokea na kufika kumi bila kukwama. Baba mdogo akasema kumbe anaweza, ni kudeka tu, na tangu siku hiyo ameweka sharti kwamba asipewe maji mpaka atamke "maji". Moyo wangu unakataa, ila sina hoja ya kumjibu mtu mzima.

Mkono wake wa kulia ni dhaifu, sauti imekuwa ya kukwaruza, na akinywa maji hupaliwa mara kwa mara. Jambo jingine linalomuumiza mama ni kwamba kaka alikuwa na lugha mbili, ya nyumbani tangu utotoni na Kiswahili alichosomea na kufanyia kazi, na maneno yote yanayorudi ni ya Kiswahili. Mama anahisi kwamba mwanawe amemsahau.

Naomba kujua kama akili yake imeondoka, kama sharti la baba mdogo lina faida yoyote, na kama kuna matumaini ya kumsikia akizungumza tena kama zamani.

Mtaalamu wa Usemi

Dada Mdogo, pole kwa kuuguza. Nimefanya kazi ya tiba ya usemi na lugha kwa miaka kadhaa, na wengi waliopita mikononi mwangu ni majeruhi wa barabarani. Mgonjwa nisiyemwona siwezi kumpima, kwa hiyo maelezo yangu yakusaidie kujua cha kuwauliza wanaomtibu.

Nianze na sharti la maji, kwa sababu hilo halisubiri. Liondolewe mara moja. Mtu asiyeweza kulipata neno "maji" hatalipata kwa kiu, kama vile aliyevunjika mguu hatatembea kwa kunyimwa kiti. Zaidi ya hapo, kila anaposhindwa mbele ya watu wanaomsubiri ndivyo hofu inavyozidi kumfunga, na nimewahi kuona wagonjwa walioacha kujaribu kabisa kwa sababu kila jaribio liligeuzwa mtihani.

Sasa kuhusu tusi. Kuhesabu mfululizo, kutaja siku za juma, kusali sala iliyokaririwa, kuimba, kuitikia salamu na kutukana ni usemi wa mazoea. Maneno hayo hutoka kama fungu zima lililokwisha kufungwa zamani, bila mtu kuchagua neno wala kulipanga na jingine. Kusema "naomba maji" ni kazi tofauti kabisa: lazima wazo litafutiwe neno, neno lipangwe silabi kwa silabi, kisha midomo na ulimi vipewe amri. Ndiyo maana mgonjwa aliyepoteza uwezo wa pili hubaki na ule wa kwanza. Mwaka 1861, huko Paris, daktari Paul Broca alieleza habari za mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitoa silabi moja tu, "tan", kwa kawaida akiirudia mara mbili, lakini akikasirika alipasuka kwa laana iliyokamilika. Baada ya kifo chake Broca alikuta jeraha sehemu ya mbele ya upande wa kushoto wa ubongo. Mwambie baba mdogo kwamba "leo" ya kaka yako ina ndugu yake mwenye umri wa zaidi ya miaka 160.

Hali hii huitwa afasia, yaani kuharibika kwa lugha yenyewe kutokana na jeraha la ubongo. Kwa takribani watu 95 kati ya 100 wanaotumia mkono wa kulia, lugha hutegemea zaidi upande wa kushoto, ambao ndio unaouongoza mkono wa kulia pia. Kwa hiyo udhaifu wa mkono na upotevu wa maneno aghalabu huja pamoja. Afasia si kupoteza akili. Ishara nzuri umeiandika mwenyewe bila kuiona: alisema "ufunguo", akatikisa kichwa. Aliyetikisa kichwa anajua gilasi ni nini na anajua kwamba neno alilolitoa silo.

Hata hivyo, msiamini haraka kwamba anaelewa kila kitu. Ndugu wengi hukadiria uelewa wa mgonjwa kuwa juu kuliko ulivyo, kwa sababu mgonjwa husoma uso, mkono ulionyooshwa na mazingira. Ukimwambia "inuka tukale" huku umeshika sahani, anaweza kuinuka bila kuelewa neno hata moja. Jihadharini pia na "ndiyo" na "hapana", maana kwa wenye afasia maneno hayo mawili hubadilishana nafasi. Uliza swali moja kwa njia mbili: "Unaumwa kichwa?" kisha, baada ya kitambo, "Kichwa hakiumi?" Akikubali yote mawili, jibu lake bado halijawa la kutegemewa. Afadhali mkubaliane juu ya dole gumba juu au chini.

Mpimwe pia kama kuna matatizo mengine mawili yanayofanana na afasia kwa masikio ya nyumbani. La kwanza ni disartria, ambapo neno lipo na ni sahihi, ila misuli ya midomo, ulimi na pumzi ni dhaifu, kwa hiyo hutoka likikokotwa au likimumunywa. Mgonjwa wa disartria peke yake akipewa kalamu ataandika sentensi isiyo na kasoro. La pili ni apraksia ya usemi: misuli ina nguvu, neno analijua, lakini amri ya kulitamka haipangiki, naye hujaribu "kikombe" mara tatu na huenda likatoka na kosa tofauti, mara "kimobe", mara "tikombe". Baada ya ajali mtu mmoja anaweza kuwa na yote matatu, na tiba zake hazifanani, ndiyo maana sipendi kusikia familia ikipewa jibu la "usemi umeathirika" na kuachwa hapo.

Kuhusu lugha mbili, mwambie mama kwamba mwanawe hajamsahau. Wapo wagonjwa ambao lugha ya kwanza hutangulia kurudi, kama alivyodhani Théodule Ribot mwaka 1881, na wapo ambao hutangulia ile waliyokuwa wakiitumia zaidi kabla ya kuumia, kama alivyoandika Albert Pitres mwaka 1895. Wengi hurudisha zote kwa pamoja. Hakuna kanuni moja inayowatosha wote. Mama azungumze naye kwa lugha ya nyumbani kama kawaida, na asimkataze kujibu kwa Kiswahili.

Matumaini yapo, ila sitakutajia tarehe. Mabadiliko makubwa huonekana katika miezi ya mwanzo, kisha kasi hupungua bila kusimama, na nimefanya kazi na watu waliokuwa bado wanaongeza maneno mwaka wa tatu na wa nne. Kurudi "kama zamani" kabisa hutokea kwa baadhi na hakutokei kwa wengine. Wiki saba ni mapema mno kumhukumu.

Mzee Asubuhi

Sipingani na wataalamu, lakini mgonjwa akidekezwa hali yake haibadiliki. Nilimfahamu mtu aliyeanguka vivyo hivyo, wakawa wanamsugua ulimi kila asubuhi kwa asali na kumkaririsha maneno kama mtoto wa darasa la kwanza, na baada ya miezi mitatu akazungumza. Tatizo la siku hizi ni kwamba kila kitu kimepewa jina la kigeni.

Nesi wa Zamu

Shikamoo, Mzee Asubuhi. Kwa heshima zote, huyo uliyemfahamu huenda angezungumza hata bila asali, kwa sababu miezi mitatu ya mwanzo ndiyo ambayo uvimbe wa ubongo hupungua na mengi hurudi yenyewe. Ulimi wake haukuwa na kosa. Nimelazimika kuandika kwa sababu mgonjwa anayezungumziwa hapa hupaliwa, na kumtia kitu chochote mdomoni bila kupimwa ni hatari kubwa kuliko kukosa maneno.

Dada Mdogo, watu wote wameshika habari ya "leo", mimi nimeshika sentensi yako ya kupaliwa. Misuli inayotamka ndiyo inayomeza. Mtu akipaliwa kwa maji mara kwa mara, au sauti yake ikawa ya majimaji mara baada ya kunywa, huenda kinywaji kinaingia njia ya hewa, na matokeo yake ni homa ya mapafu. Kibaya zaidi, wapo ambao maji huingia mapafuni bila hata kukohoa. Omba apimwe namna anavyomeza, wiki hii, usisubiri siku ya kliniki. Mpaka hapo asinyweshwe akiwa amelala: aketi wima kabisa, anywe funda dogo dogo, asizungumzishwe akiwa na kitu mdomoni, na abaki ameketi walau nusu saa baada ya kula. Maji matupu ndiyo humshinda mgonjwa wa namna hii kuliko uji mzito, kwa kuwa hukimbia kabla koo halijajifunga. Wanaompima ndio watakaoamua kama vinywaji vyake vifanywe vizito, na kwa kiasi gani.

Kuhusu sauti ya kukwaruza, siku tisa za mpira kooni zinatosha kuziumiza nyuzi za sauti. Mara nyingi hutulia zenyewe katika wiki chache. Kwa kuwa imefika wiki ya saba, daktari wa masikio, pua na koo aitazame zoloto, yaani sehemu ya koo yenye nyuzi za sauti, kwa sababu uzi mmoja wa sauti ukipooza, mtu husikika kama ananong'ona na pia hupaliwa. Na masikio yapimwe. Mfupa wa fuvu unaozunguka sikio ukipata ufa, usikivu wa upande huo unaweza kupotea, na nimemwona kijana aliyedhaniwa kuwa "haelewi" kumbe alikuwa hasikii sikio la kushoto, nao walikuwa wakimketisha na kumsemesha upande huohuo.

Lipo jambo moja ambalo kila anayeuguza majeruhi wa kichwa anapaswa kulijua kwa moyo. Usemi unaopanda polepole ni kawaida. Usemi unaoshuka si kawaida. Mgonjwa aliyekuwa na maneno kumi akabaki na mawili, au akaanza kusinzia kuliko jana, kutapika, kulalamikia kichwa kinachozidi, au kulegea upande mmoja, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa maana damu huweza kuvilia tena taratibu hata wiki kadhaa baada ya ajali. Vilevile akikatika usemi ghafla kwa dakika chache huku akikodoa macho au mdomo ukichezacheza, kisha akarudi, hicho huenda ni kifafa cha baada ya jeraha, nacho kina dawa.

Na kuhusu mkanda wa kofia, msimlaumu sana kaka mbele yake, ila waambieni wenzake. Daktari wa upasuaji Hugh Cairns, aliyekuwa miongoni mwa waliomhudumia T. E. Lawrence, mwanajeshi na mwandishi maarufu wa Uingereza, alipopata ajali ya pikipiki na kufa mwaka 1935, alichapisha mwaka 1941 uchunguzi wake juu ya vichwa vya wapanda pikipiki na faida ya kofia. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2008 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kuchambua tafiti za tiba, yalikadiria kwamba kofia hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takribani asilimia 69. Kofia isiyofungwa mkanda huondoka mapema kuliko mpandaji, nasi tunaopokea majeruhi tumezoea kuletewa kofia nzima na kichwa kilichopasuka.

Hiki na Kile

Ujumbe huu nimeuandika kwa siku mbili, na binti yangu ameusoma kabla sijautuma, kwa hiyo msistaajabie unyoofu wake. Nilianguka na pikipiki miaka sita iliyopita. Jina ninalolitumia hapa ndilo lililokuwa lote nililobaki nalo.

Nataka kumweleza Dada Mdogo jinsi jambo hili lilivyo kwa ndani, kwa sababu waliokuwa wakinitazama walidhani kichwani mwangu mna giza. Hapakuwa na giza. Nilipotaka kijiko nilikiona kijiko, nilijua ni cha chuma, nilijua kiko kwenye droo ya pili, nilijua hata kwamba kimoja kilikuwa kimepinda mpini. Neno lake ndilo lililokosekana. Na la ajabu ni kwamba sehemu yake ilikuwapo. Nilikuwa nikisema "hiki... kile... kidogo kile", wala sikusema "hii" au "ule". Mke wangu ndiye aliyegundua kwamba nikisema "hiki", kitu ninachokitaka huanza kwa "ki", na nikisema "huu", ni mto, mkate au mswaki. Hakuwahi kusomea jambo hilo popote. Akawa anapita chumbani akinitajia: kitabu? kiatu? kisu? kijiko? Nikisikia "kijiko" nililia kwa furaha, kwa kuwa nilikuwa nalo muda wote.

Matendo ndiyo yaliyonisumbua kuliko vitu. "Nitakuja" lilikuwa neno refu kama treni: ni nani, ni lini, ni tendo gani, vyote vimefungwa pamoja, na mimi nilikuwa na behewa la mwisho tu. Nikawa nasema "mimi... kuja". Wageni walicheka kidogo, si kwa ubaya. Mwaka wa pili ndipo "na", "li" na "ta" zilipoanza kukaa mahali pake, na mpaka leo nikichoka hudondoka.

Waambie watu wa nyumbani mambo matatu ambayo ningewaambia wangu kama ningeweza. Mosi, redio izimwe na azungumze mtu mmoja kwa wakati, maana maneno ya watu wawili kwa pamoja yalinifikia kama kelele za mvua juu ya bati. Pili, mkimwuliza swali msubiri kwa kweli. Hesabuni mpaka kumi kimyakimya. Mimi nilikuwa nikilikaribia neno, mtu ananitajia lake, langu linapotea na ninaanza upya. Akitaka msaada atawatazama. Hapo mpeni silabi ya kwanza kabla ya kumpa neno lote. Tatu, msimpandishie sauti, na msimsemeshe kama mtoto. Mzee Asubuhi, samahani, nilikaririshwa kama mtoto wa darasa la kwanza, na nilikuwa fundi wa umeme mwenye watoto watatu.

Kuimba kulinisaidia. Mtaalamu wangu alinifundisha kulipa neno mdundo, nikigonga meza kwa mkono wa kushoto kila silabi: na-o-mba-ma-ji. Nilianza kwa kuimba, nikashuka hadi kusema kwa mdundo, kisha nikasema tu. Kwangu ilifaa. Mwenzangu wa kitanda cha jirani haikumfaa kabisa.

Mke wa Dereva

Nimesoma yote kwa machozi, lakini naomba niseme la upande wa pili, kwa sababu sisi tulikaa mwaka mzima bila kujua kwamba tuna tatizo la usemi. Mume wangu alizinduka akiwa anazungumza, tena vizuri, kwa sentensi kamili na matamshi safi. Tulipoulizwa hospitali kama usemi upo, tulijibu kwa furaha kwamba upo, na jina lake likapita.

Nyumbani ndipo nilipoona. Mgeni akimwuliza "unaendeleaje?" ataanza na maumivu ya bega, ataingia kwenye matairi, atatoka na habari za mwalimu wake wa zamani, na kurudi kwenye matairi, mpaka mgeni aage, na yeye haoni kwamba mgeni ameshasimama zamani. Alikuwa mtu wa mafumbo na mizaha. Sasa mafumbo hayamfikii. Siku moja alijilaumu kwa kuuza kiwanja, nikamwambia "maji yakimwagika hayazoleki", akainama kutazama sakafu kama pamelowa. Nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Kuna wakati husimulia safari ambazo hakwenda, kwa uhakika kabisa, na ndugu zake wakamwita mwongo. Nimekuja kuelewa kwamba hadanganyi, ubongo wake huziba pengo la kumbukumbu kwa kilichopo karibu.

Marafiki walipungua mmoja mmoja. Mtu asiyeweza kusema huonewa huruma. Mtu asemaye vibaya mambo yasiyofaa huepukwa. Je, Mtaalamu, hili nalo mnalitibu ninyi?

Mtaalamu wa Usemi

Ndiyo, mama, na kwa majeruhi wa kichwa hali yenu ni ya kawaida kuliko afasia yenyewe. Kichwa kikisimama ghafla, ubongo huendelea kwenda na kusuguana na kuta za ndani za fuvu, ambazo chini ya sehemu za mbele na za pembeni zina matuta makali ya mfupa. Mzunguko wa ghafla nao hunyoosha na kukata nyuzi nyembamba zinazounganisha sehemu za ubongo. Sehemu hizo za mbele ndizo zinazopanga mazungumzo: nianze wapi, nimalizie wapi, mwenzangu ameshachoka au la, hili lisemwe au linyamaziwe. Maneno hubaki mazima, mazungumzo yakavunjika. Kipimo cha kutaja majina ya picha hakilioni tatizo hili, na mgonjwa mwenyewe pia mara nyingi halioni.

Kazi huanzia kwenu mnaoishi naye. Mkubaliane akiwa ametulia juu ya ishara moja, kwa mfano kugusa saa ya mkononi, yenye maana kwamba amekwenda mbali na swali. Isitumike mbele ya watu mpaka aizoee na kuikubali. Kabla ya mgeni kuingia, mkumbushe mambo mawili ya kuzungumza. Mafumbo yaacheni kwa sasa, semeni waziwazi. Anaposimulia safari ambayo haikuwapo, usimbishie na usimuunge mkono. Mwelekeze kwenye daftari la siku, ambamo mnaandika pamoja yaliyotokea. Uchovu huyazidisha yote haya, kwa hiyo wageni waje asubuhi. Kama mwaka umepita hamjachelewa, rudini mkamwombe daktari rufaa kwa jina la matatizo ya mawasiliano baada ya jeraha la kichwa.

Dada Mdogo

Nimerudi baada ya wiki tatu, na naomba radhi kwa kimya. Nesi, Mungu akuzidishie. Kaka alipimwa namna anavyomeza na ikaonekana kweli maji yanapita pembeni. Sasa vinywaji vyake hufanywa vizito, anakunywa akiwa ameketi, na kikohozi cha usiku kimekwisha. Uzi mmoja wa sauti ni mlegevu, ataangaliwa tena baada ya miezi miwili. Mtaalamu wa usemi tuliyempata ametwambia ni afasia pamoja na apraksia kidogo, na anakuja mara mbili kwa wiki.

Baba mdogo nilimsomea hapa ujumbe wa Hiki na Kile, wote, kwa sauti. Hakusema kitu. Kesho yake alikuja na daftari kubwa lisilo na mistari na kalamu nene, akaketi upande wa mkono wa kushoto wa kaka, akamwekea kalamu mkononi. Kaka alichora duara mbili na mstari katikati. Baba mdogo akakisia miwani, akakisia kitanda, akakisia mkokoteni, kaka akikataa kwa dole gumba chini na kucheka, mara ya kwanza tangu ajali. Kisha akaongeza usukani, nasi sote tukasema "pikipiki". Akakubali. Tulidhani amemaliza. Akachora juu ya kiti mtu mmoja wa vijiti, halafu nyuma yake mtu wa pili, akamgonga yule wa pili kwa ncha ya kalamu, akatutazama mmoja mmoja: "Leo? Leo?"

Hakumbuki chochote cha siku ile. Alitaka kujua kama alikuwa amempakia mtu. Mama alimshika mkono akamwambia kwa lugha ya nyumbani kwamba alikuwa peke yake, na mimi nikamfuta yule mtu wa nyuma kwa kifutio ili aone. Alilala saa nzima mchana ule, naye alikuwa hajalala mchana hata siku moja.

Mtaalamu, nina swali dogo. Tumeanza kumtengenezea kitabu cha picha, cha watu wa nyumbani, vyombo, dawa na sehemu za mwili. Je, picha ya pikipiki tuiweke au tuiache?